Maoni Niliyotoa Kuhusu Mashine ya Kaka

Kaka yangu ana shamba la mpunga Mwea na mikono isiyotulia. Alichukua injini ya pikipiki kuukuu, akaichomelea vyuma na mabati, ikawa mashine ya kupura mpunga. Halafu, kama kawaida yetu, akaipeleka kwenye ngwatio, ile zamu ya majirani kusaidiana shambani. Kila mtu akaichungulia hadi ndani, naye akawaeleza yote, tena kwa raha zake. Msimu uliofuata mafundi wa Kerugoya walikuwa wakiuza mashine ileile, bei nafuu kuliko yake.

Sasa kuna pendekezo la kurekebisha sheria ya hataza, ili hata uvumbuzi mdogo wa fundi kama yeye ulindwe, na anayeuiga amlipe mwenyewe. Mimi hufundisha sheria na uchumi hapa Nyeri, na ni mmoja wa walioombwa maoni. Kaka aliposikia, alifurahi hadi nikaona haya.

Nilimtembelea, nikamuuliza swali ambalo sisi huanza nalo: bila ulinzi wa sheria, kitu hiki kingebuniwa? Sikumwambia kwa nini nauliza. Alikuwa ananimiminia chai, akacheka.

"Ati sheria? Wewe wakili wewe! Hii mashine ningetengeneza tu. Mgongo ilikuwa inaniua!"

Woi, angenyamaza tu! Kama angeibuni hata hivyo, basi hataza haileti mashine mpya; inawapandishia tu bei wakulima wenye migongo kama wake. Nilipiga hesabu upande huu na upande ule, nikitafuta pa kumpitishia. Sikupata. Nikashauri pendekezo likataliwe, na mfano wangu mkubwa ukawa maneno yake. Nilificha jina tu. Nimeshayatuma maoni hayo na bado nayaamini, kwa hivyo siwezi hata kujitetea kwamba nilikosea. Lakini yeye alinijibu kama dada yake, nami nikamsikiliza kama shahidi. Usaliti huo hauna jina lingine, na unanichoma.

Jumapili iliyopita nilisali kanisani kwao. Wakati wa ushuhuda kaka akasimama, akamshukuru Mungu kwamba safari hii, huko sheria zinakotengenezwa, kuna mtu wa nyumbani anayemtetea.

"Simama wakuone," akaniambia.

Kanisa zima likapiga makofi. Nikasimama, nikawapungia mkono.