Kofi Nililompiga Mama

Nilimpiga mama kofi siku chache baada ya upasuaji. Alikuwa amepiga magoti mbele yangu akinivalisha soksi, akagusa goti langu lililopasuliwa, na kabla sijajua mkono ulishamfikia usoni. Miwani ikaruka, ikavunjika pembeni. Nililia kuliko yeye.

Goti lenyewe lilipondwa na vijana wawili hapa Riverdale Park, Marekani, wakitaka simu. Simu niliwapa kwa pigo la kwanza tu. Waliendelea kunitwanga kwa chuma mpaka nikasikia mfupa ukivunjika kama ukuni mkavu. Madaktari waliuunga kwa skrubu, lakini maumivu yakabaki humo ndani yakinipiga upya kila saa, vidonge havikuyaweza. Mimi, mtu wa kucheka, niliyekuwa nimeshachagua hata rangi ya lori nitakaloendesha hadi California, nikawa natukana ukuta na kurusha sahani.

"Kazini napigwa na wazee wa miaka tisini," mama alisema akifunga miwani kwa plasta. Yeye hutunza wagonjwa majumbani huko Germantown. "Sasa na wewe umejiunga nao, baba?"

Alicheka. Lakini tangu siku hiyo alinivalisha akiwa ubavuni, vile wanavyofundishwa kazini kwake kumkaribia mgonjwa anayepiga: anashika mkono wangu kwanza, miwani ameificha mfukoni. Hiyo iliniuma kushinda goti.

Ndipo hospitali wakaniambia kuhusu mashine ya sumaku ya kutuliza maumivu. Kichwa hakipasuliwi, alisema dada anayeiendesha. Inachokoza ubongo kutoka nje, maana ndio unaosikia maumivu ya goti. Wengine hupata nafuu, wengine hapana.

"Mtanipiga shoti?"

"Utasikia tu kama unagongwa na kijiko."

Kijiko gani! Ni ndege mkali anayedonoa fuvu, ta-ta-ta-ta. Dada alipokuwa akitafuta mahali pa kulenga kichwani, kidole gumba changu kiliruka chenyewe. Nikaukamata mkono ule, ule uliompiga mama, kwa mwingine. Hata mashine inaujua, niliwaza.

Nilienda kila siku. Wiki ya pili maumivu yalikuwepo bado, ila yalinguruma kwa mbali.

Jumamosi mama akaja na soksi.

"Mama, leo kaa mbele."

Akanitazama sana. "Ukinipiga tena, nakurudisha Kenya kwa nyanya yako na hilo goti lako."

Akapiga magoti. Akavuta. Goti likachoma, nikashika godoro kwa mikono yote miwili, jasho likinitiririka. Soksi ikaingia.

Alipoinua uso, miwani ilikuwa palepale puani, na plasta yake.