Baiskeli ya Kina Mama

Anande wa Kikwe alijifunza baiskeli kwa ile nzito ya marehemu baba yake, na kwa baiskeli hiyo hiyo akaja kuwa muuza maziwa. Kila asubuhi alipeleka madumu kwa wateja wake wa Makumira, na wanaume walishazoea kupitwa naye vilimani. Mwaka juzi baiskeli ilipochakaa isitengenezeke tena, alikusanya fedha, akaenda mjini na kaka yake Fanuel, kwenye duka jipya la baiskeli kule Kimandolu.

Fanuel hajawahi kuendesha baiskeli maishani. Hata hivyo muuzaji, bwana mmoja aitwaye Nelson, alizungumza naye yeye tu.

"Bosi, mama anataka ya kwendea wapi?"

"Muulize mwenyewe," alisema Fanuel.

Anande akaeleza kazi yake, akaonyesha moja nyeusi, ngumu, yenye tairi pana. Nelson akatabasamu.

"Hiyo ya wanaume, dada, itakutesa. Kina mama tumewaletea hizi."

Zilikuwa za waridi na zambarau, zenye vikapu mbele. Anande alibisha hadi akaambiwa ile nyeusi ina mwenyewe. Maziwa hayasubiri, akachukua ya zambarau.

Hata masika ya mwaka ule hayakuisha salama. Siku moja akiteremka na madumu nyuma, foki ya mbele, chuma kinachoshika gurudumu, ilikatika. Mkono wa kulia ukavunjika, ukaunga vibaya, na hadi leo hauwezi kubana breki.

Alipoirudisha dukani, Nelson aliikagua baiskeli, mkono hakuutazama.

"Hizi ni za matembezi. Nani alikuambia ubebee mizigo?"

"Kazi yangu nilikueleza siku ile ile."

"Basi njoo na mzee wako tuelewane."

"Sina mzee. Na aliyeanguka ni mimi."

Alitoka mikono mitupu.

Siku ya Wanawake ilipokaribia, meneja wa duka, Evelyn, alimpigia simu: walitaka wateja wa kike waseme maneno mawili mbele za watu. Anande akajiambia, mwanamke mwenzangu atanisikia. Akaenda. Alipopewa maiki akasema, "Mimi ni muuza maziwa. Baiskeli yao ilikatika nikiwa juu yake." Akainua mkono.

Maiki ikazimwa, muziki ukafunguliwa. Evelyn akamteremsha jukwaani akiwa amemshika bega.

"Umetuaibisha, mama. Ungeniambia pembeni."

"Pembeni nilishasema."

Akina mama walikuwa wamepanga foleni kujaribu baiskeli. Mmoja wao, Sia, aliyekuwa amesikia yote, akamwuliza, "Kwani wewe ulikuwa unaendeshaje?"

Ya Nelson aliyameza. Hili la mwanamke mwenzake hakuweza kulimeza. Akaondoka.

Wateja wa Makumira sasa wanahudumiwa na mwanamume mwenye pikipiki. Anande anauza maziwa pale pale Kikwe, kwa majirani ambao wengi wao wana ng'ombe wao.