Wimbo Uliopanua Mashuka

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote wa idara ya kufulia ya hospitali kwamba, kuanzia Jumatatu, muziki umekoma. Redio, simu na spika hazitasikika tena kati ya mashine na meza za kupigia pasi. Mashuka yatakunjwa kwa kiwango kilichowekwa. Na utulivu, ambao uongozi unauthamini kuliko kitu chochote isipokuwa usafi, umerejea. Ndivyo lilivyosema tangazo la meneja. Lilibandikwa Ijumaa, jambo ambalo halikulizuia kuwa na hakika kamili kuhusu Jumatatu.

Mwenye makosa, kama lazima apatikane, alikuwa msimamizi wa meza ya kukunjia, mwanamke wa makamo ambaye idara nzima ilimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Jina lilitoka kwa watoto wa wifi yake, mjane wa kaka yake, ambaye alikunja naye mashuka meza moja. Watoto walipita pale kila watokapo shule wakiita "Shangazi! Shangazi!", na watu wakaona hakuna haja ya kuhangaika kutafuta jina jingine.

Ni Shangazi aliyeanzisha zamu. Kila siku mtu mmoja alileta wimbo aupendao, ukapigwa kwenye spika ndogo iliyokaa juu ya kabati la sabuni. Sheria ilikuwa moja tu: wimbo wa mwenzako husikilizwa mpaka mwisho, kisha ndipo unaruhusiwa kuutukana. Fundi wa boila, mtu mwenye viganja kama koleo, alileta wanawake wa opera. Dereva wa gari la nguo alileta matarumbeta ya nchi ambazo hakuwa na nia ya kwenda. Mpiga pasi aliyeitwa Kidosho alileta ngoma za kompyuta zilizofanya vikombe vya chai vihame mezani.

"Huyu mama anaumwa nini?" Kidosho aliuliza siku moja ya opera.

"Anaaga," alisema fundi.

"Tangu tuanze kikapu hiki anaaga? Si aende!"

"Subiri. Bado hajamwambia mdogo wake."

Siku iliyofuata Kidosho alimvuta fundi pembeni na kumwomba amtumie wimbo ule kwenye simu. Alisema ni kwa ajili ya jirani.

Wifi peke yake hakuwahi kuleta kitu. Tangu msiba, maneno yake yalikuwa ya matumizi ya lazima: vuta, shika, haya, asante. Zamu yake ilipofika alisema, "Nirukeni," nao wakamruka. Shangazi aliudhika kimyakimya. Alimjua wifi huyu alipokuwa akicheza jikoni na kaka yake huku mboga zikiungua, na alikuwa amejiwekea ahadi kwamba atamrudisha, hata kama itabidi asikilize opera mpaka astaafu.

"Wifi yangu, zamu yako," alimwambia asubuhi moja, kama kawaida.

"Nirukeni."

"Tumekuruka mpaka magoti yanauma," alisema fundi wa boila.

Wifi alimtazama. Kisha akatoa simu mfukoni, akaiunganisha na spika.

Ulikuwa wimbo wa kodiani, na sauti ya mwanamke aliyeimba kwa lugha ambayo hakuna aliyeitambua. Chini yake kulisikika mkwaruzo wa kaseti. Ulikuwa umenakiliwa kutoka kaseti isiyo na jalada, ambayo marehemu mumewe alikuwa ameiokota kwenye rundo la mitumba. Shangazi aliutambua kabla mwanamke hajafungua kinywa, akainamisha uso kwenye shuka. Ulipokwisha hakuna aliyetukana.

"Rudia," alisema Kidosho.

Waliurudia mpaka saa za kutoka.

Sasa, nyimbo zao zote zilihesabu mapigo manne, hata opera kwa namna yake. Mikono ilikwisha kuzoea: kila pigo mkunjo, mikunjo minne, shuka mezani, lingine. Wimbo wa wifi ulihesabu tatu. Mikono, isiyo na mazoea ya kuuliza, ilikunja mara tatu ikaweka. Mashuka yakaenda wodini yakiwa na upana mara mbili ya rafu za huko, na milango ya makabati ya hospitali nzima ikakataa kufungwa.

Meneja alikuja na futi mkononi.

"Nani ameamuru mashuka yakunjwe hivi?"

"Hakuna aliyeamuru, bosi," alisema fundi. "Ni wimbo."

"Wimbo umeamuru?"

"Haukuamuru. Uliomba."

Hapo ndipo tangazo lilipozaliwa, na spika ikapelekwa stoo.

Kilichomuuma Shangazi si spika. Wifi alisoma tangazo lote, kisha akasema, "Mimi nimewaharibia." Akaomba ahamishiwe chumba cha kupokelea nguo chafu, ambako mtu hufanya kazi peke yake na mlango hufungwa.

"Nipe Jumatatu moja tu," alisema Shangazi. "Jumanne nitakuhamisha mwenyewe."

Jumatatu ikafika na utulivu wake. Mashine zilinguruma, pasi zilipumua, watu walikunja kama waliokatazwa kula. Shangazi alishika ncha mbili za shuka, wifi mbili nyingine. Kisha Shangazi akaanza kuvumisha puani ule wimbo wa kodiani. Aliukosea makusudi, ingawa kusema kweli makusudi hayakuhitajika sana. Sauti yake ilijulikana. Aliupandisha mahali pa kushuka. Akautia pigo la nne.

Wifi akakaza macho kwenye shuka. Fundi wa boila akachungulia mlangoni, akaelewa, akajiunga kwa kukosea vibaya zaidi, kama mwanamke wa opera anayeaga.

"Tangazo limesema redio, simu na spika," alieleza bila kuulizwa. "Pua haikutajwa."

Shangazi akaharibu mstari mwingine.

"Sivyo," alisema wifi.

"Sivyo vipi? Ndivyo alivyokuwa akiuimba kaka yangu."

"Kaka yako naye alikuwa akikosea! Nilimwambia miaka yote. Hapo unashuka, wifi, unashuka, halafu unasubiri." Alivuta shuka kwa nguvu mpaka Shangazi akasogea hatua. "Sikiliza."

Akauimba. Taratibu kwanza, bila maneno, kisha kwa maneno yale ambayo hakuyajua maana, na mikono yake ikawa inatangulia, ya wenzake ikifuata. Kidosho akaisimamisha pasi mezani. Dereva akasahau kuwasha gari.

"Jumanne nikupeleke chumba cha nguo chafu?" Shangazi aliuliza walipofika mwisho wa kikapu.

"Nani atawafundisha nyie?" alisema wifi. "Shika huko."

Jioni meneja aliwaarifu wakubwa wake kwamba agizo limetekelezwa kikamilifu. Mashuka ya Jumatatu yalifika wodini yamekunjwa mara tatu.