Haragwe Jeupe la Lyman Tarbox

Kofia ya kura huishika mimi. Kila Jumamosi ya tatu ya Septemba husimama nyuma ya hema la jikoni hapa Wessapog, nimevaa gauni la mfua nguo wa kambini, na ndani ya kofia mna maharagwe thelathini: meupe ishirini na moja, meusi tisa. Anayetoa jeusi atakufa.

Kufa hakuna anayekutaka. Mtu ameshona koti lake majira yote ya baridi, amesugua gobore lake, ameendesha gari kwa saa tatu kuja kwenye maigizo ya vita vya zamani, kuwafukuza askari wa Mfalme wa Uingereza kama mababu walivyowafukuza. Halafu aanguke kwenye mlio wa kwanza, alale kifudifudi mbele ya mama mkwe wake, sisimizi wakimtambaa shingoni, mpaka vita viishe na kapteni aite wafu wainuke. Ndiyo maana watu walimtafuta Lyman Tarbox.

Lyman ana miaka sabini na miwili. Alifanya kazi kiwanda cha samaki miaka thelathini na tisa, na kila aliyetaka kukwepa zamu ya Krismasi alijua mlango wa kubisha. Dada yake alipougua, ni yeye aliyemuuguza, kwa kuwa ndugu wengine walikuwa na watoto. Si mtakatifu. Hunung'unika sana, ila huanza kunung'unika akiwa amekwisha kubali. Kwenye kura vilevile: akitoa jeupe, alimpa wa kwanza kumwomba, akachukua jeusi. Kwa miaka ishirini na saba alikufa mahali pamoja, chini ya mwerezi uliopinda katikati ya mteremko unaopanda hadi ukuta wa mawe wa askari wa Mfalme, kwa sababu mkewe Corinne alikuwa akipita na ndoo kuwanywesha maiti maji, na alianzia hapo. Corinne alifariki miaka minne iliyopita. Ndoo nikairithi mimi. Lyman akaendelea kufa palepale.

Mwaka huu, silaha zilipokaguliwa, mikono yake ilitetemeka hata akashindwa kuchomoa kijiti cha kushindilia baruti. Kapteni wetu, Merle Whitcher, fundi wa boti, akamvuta kando.

"Leo nakuachia, mzee. Hutapakia baruti, utabeba tu. Mwakani gobore libaki nyumbani."

"Na mimi?"

"Utakaa na watazamaji. Tutakuwekea kiti."

"Kiti," alisema Lyman, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa.

Akaja kwenye kofia, akatoa jeupe. Everett Pike, fundi bomba, alikuwa amekwisha kujibanza nyuma yake na jeusi lake kiganjani.

"Babu, lete basi."

"Leo sifi."

Watu wakaangua kicheko. "Tarbox hafi! Mwiteni daktari!"

"Njia ya kufika ukutani unaijua lakini?" mwingine akamtania.

"Siijui. Ndiyo maana naenda."

Everett hakucheka. "Binti yangu wa mwisho amekuja, babu. Ana miaka sita. Akiniona nimelala atalia."

Niliona vidole vya Lyman vikifunguka polepole, kama vilivyozoea. Vikajikunja tena.

"Kafie kwenye mwerezi," alisema. "Kuna kivuli. Na mtoto mwambie akuletee maji."

Tulipanda mteremko. Milio ikaanza, moshi ukatufunika, na Everett akaanguka vizuri tu. Lyman alimpita bila kumtazama. Alikuwa wa mwisho kwenye mstari, gobore amelishika kama mkongojo, anasimama kila hatua kumi kuvuta pumzi. Nilimfuata na ndoo. Nilijiambia ni kwa ajili ya maiti wa juu.

Alipougusa ukuta wa mawe, askari wa Mfalme walikuwa wameshauacha na wanafungua vifungo vya makoti yao mekundu. Merle alipunga kofia yake mara mbili kuashiria ushindi. Watazamaji walikuwa wanakwenda kupanga foleni ya kome wa kukaanga.

"Ushindi ndio huu tu?" Lyman akauliza.

"Ndio huu tu, mzee."

Kisha Merle akakigeukia kiwanja na kuita: "Wafu, simameni!"

Lyman naye akageuka. Chini, kwenye nyasi, mmoja akainua kichwa, mwingine akapiga magoti, wakawa wanasimama mmojammoja, wanajipangusa, wanaokota kofia zao. Chini ya mwerezi kitoto kilichobeba chupa ya maji kilikuwa kinamvuta baba yake mkono, na baba anajifanya mzito.

"Sijawahi kuona," alisema Lyman. "Miaka yote hii nimelala mle kati yao."

Nilimpa maji kwa kata. Alikunywa yote, akakaa juu ya ukuta, akaendelea kutazama hata walipokwisha kuinuka wote na pale kwenye mwerezi hapakuwa na mtu.

"Merle," alisema mwishowe, "hicho kiti chenu mkiweke huku juu."