Shiriri

Neno lenyewe la Kiingereza lilikuwa fupi, shrill, na Jovitha alilipenda tangu Mwalimu Desderius alipoliandika ubaoni na kulieleza: sauti nyembamba, kali, inayochoma masikio. Papo hapo akamkumbuka mama yake. Anonciata akiita kutoka migombani kwao Ihembe, mbuzi wa ng'ambo ya bonde huinua vichwa.

Mwalimu alitaka kila mtu atunge sentensi yenye neno hilo; mshindi ataisoma siku ya wazazi. Akashinda Jovitha. Aliandika kwa Kiingereza kwamba sauti ya mama yake ni shrill, hata mbuzi wa jirani humtii.

Tabu ikaanza alipofungua mdomo. Nyumbani kwao ni Kirundi na Kinyambo, na ndimi za nyumba ile L huzitoka kama R.

"Shiriri," akasoma.

Darasa zima hoi kwa kicheko. Hanifu, mtoto wa Gharib mwenye duka, akageuka. "Dada, hiyo shiriri inauzwa kwa kilo au kwa fungu? Nimwambie baba ailete."

Basi ikawa wiki ya kuhangaika. Akimenya ndizi, shiriri. Akiteka maji, shiriri. Akaukamata ulimi kwa vidole, ukateleza. Mara moja tu, njiani peke yake, lilitoka safi kabisa. Akageuka huku na huku. Hakukuwa na wa kumsikia.

Siku ya wazazi ilipofika, Mwalimu akampa Hanifu karatasi yenye sentensi ile aisome yeye. Jovitha akamfuata, akasema ameshaweza.

"Haya, sema."

"Shiriri."

Mwalimu akamwambia asijali, sentensi bado ni yake. Yake wapi! Hanifu aliisoma, neno limenyooka kama rula. Mwalimu akawatafsiria wazazi, na jina la aliyeitunga akalisahau. Ukumbi ukacheka, wote wamemgeukia Rukia, mama yake Hanifu, mwanamke asiyepaza sauti hata akigombana na mteja. Masikini akauvuta ushungi hadi puani.

Njiani kurudi, Anonciata alikuwa bado anasikitika.

"Mama wa watu, mpole vile. Wewe mwanangu ungeweza kuniaibisha hivyo?"

Neno likampanda Jovitha hadi kooni, safi, na L yake mwishoni. Akalimeza.

"Hapana, mama," akanong'ona.

"Nini? Sema nisikie!" mama akapaza, na ng'ambo ya bonde mbuzi wakainua vichwa.