Vumbi la Vitambaa

Hakuna aliyenifundisha kutumia pampu ya pumu vizuri. Nilijifunza kwenye simu, nikirudia video moja hadi nikajua pumzi ianze lini na dawa ibonyezwe lini. Nikajua pia kwamba chupa ya maji ikitobolewa kitako na pampu ikachomekwa pale, dawa inafika kifuani vizuri zaidi. Chupa ya kwanza niliitoboa tundu kubwa mno, nikaitupa. Ya pili tundu lilipinda. Mimi kitu kikipinda silali.

Iliyotoka sawasawa nilimpa rafiki yangu, jirani yetu hapa mtaani Nyamirambo, mwenye pumu kama mimi. Nilimsimamia mpaka akavuta bila kosa. Nilijiona mtu wa maana kweli.

Kumbe nilikuwa namwandalia sigara.

Nilimkuta alasiri moja nyuma ya maduka ya mafundi cherehani. Alivuta dawa kwa ile chupa, akatulia kidogo, akatoa sigara mfukoni, akawasha.

"Unafanya nini?"

"Nafungua njia kwanza, dokta. Si wewe ulisema dawa inafungua kifua?"

"Kifunguke upumue, si uingize moshi."

"Sha, ndugu yangu, hata moshi ni hewa. Imechafuka tu kidogo."

Nilicheka, kisha nikakasirika kwa kucheka. Yeye akaendelea, bila utani sasa: "Nimekohoa tangu utotoni bila kufanya chochote. Acha nikohoe kwa kitu nilichofanya mwenyewe."

Nitasema ukweli: nilimwonea wivu. Mimi hata kucheka nacheka kwa kipimo, nikisikiliza kifua. Siku kadhaa nilitafuta jibu la maneno yake, nikaliandika kichwani na kulifuta.

Pampu zake zikawa zinaisha haraka. Usiku alikohoa hadi tukamsikia kwetu. Mama yake, ambaye ni fundi cherehani na anashonea chumbani wanamolala, akaamua kwamba kinachomuua mwanawe ni vumbi la vitambaa. Akaanza kutafuta mtu wa kununua mashine yake. Kazi nyingine hana.

Nilimwomba rafiki yangu amwambie mama yake ukweli mwenyewe.

"Ukimwambia wewe," akanijibu, "dawa sivuti tena. Hata hiyo chupa yako utaikuta jalalani."

Basi nikanyamaza, nikijiambia kwamba nasubiri maneno yanayofaa. Hayakuja. Aliyekuja ni mwanamke mmoja wa kuinunua mashine, akaizungusha gurudumu, akaiinamia kuangalia sindano. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeleta suruali ya baba kupunguzwa.

"Mwanangu, wewe unasoma sana mambo ya pumu," mama wa rafiki yangu akaniambia. "Ni vitambaa, siyo?"

"Si vitambaa, mama. Anavuta sigara."

Yule mnunuzi akainuka, akasema atapita siku nyingine. Mama akaweka mkono juu ya mashine.

"Tangu lini?"

Nikamwambia.

"Nimefua mapazia," akasema. "Nimeshonea nje kwenye mvua. Na wewe ulikuwa unanisalimia kila asubuhi."

Alichukua suruali, akaipima, akaanza kuifumua.

Mashine haikuuzwa. Rafiki yangu akiniona anavuka barabara. Kama anavuta dawa au ameiacha, hakuna wa kuniambia, na kumuuliza mama yake siwezi.