Siku Tatu za Kumngoja Mtoto wa Ng'ambo

Nilikuwa katika shamba la chai la kogo, mwendo wa nusu saa kutoka Kapkatet, na majani yalikuwa bado yamelowa umande. Watu wakikaa pamoja na kuulizana walikuwa wapi asubuhi ile wanafunzi walipovamiwa chuoni kule kaskazini mashariki, mmoja husema alikuwa benki, mwingine alikuwa kwenye foleni ya hospitali. Mimi nilikuwa mstari wa nne kutoka barabarani, kikapu mgongoni, na mbele yangu kulikuwa na mwanamke ambaye sitaacha kumstaajabia mpaka nizikwe.

Hakuwa nyanya yangu wa damu. Kwetu kogo ni nyanya, na yeye aliitwa hivyo na kila mtu kuanzia kituo cha kupimia majani hadi mtoni. Shamba lake na letu yamepakana, katikati pana mstari wa majani ya nepia ya ng'ombe tu. Alikuwa na mjukuu mmoja, msichana aliyemlea tangu mama yake afariki, na msichana huyo alikuwa mwaka wa pili katika chuo hicho. Mimi nilikuwa nimemzidi miaka mitano. Nilikuwa nimeanza kufundisha shule ya msingi, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, nilishinda shambani nikiwasaidia mama na kogo kuchuma.

Redio ya kogo ilikuwa ikining'inia kwenye kichaka cha chai, ndani ya mfuko wa nailoni. Wimbo ulikatwa katikati. Mtangazaji akasema milio ya risasi imesikika katika chuo kikuu, akataja mji.

Kogo akasimama wima. "Huko si ndiko aliko mtoto?"

Ningetamani kusema siyo. Nikasema ndiko.

Nikapiga simu. Ile sauti ya mwanamke ikaniambia kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Nikapiga tena, na tena. Nilipiga mpaka kidole kikauma, huku redio ikiongeza habari kidogo kidogo, kila habari mbaya kuliko iliyotangulia. Nilipoinua macho nikaona kogo anachuma. Anachuma vile vile kama siku zote, majani mawili na kichipukizi, mikono yote miwili, anatupa nyuma ya bega kikapuni.

"Kogo, twende nyumbani tukae."

"Mikono ikikaa, nitaanguka," akaniambia. "Wewe endelea kupiga."

Kufikia saa sita majirani walikuwa wamejaa shambani. Kila aliyefika aliingia mstarini akachuma. Hapo ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba mtoto wetu hakuwa peke yake huko. Ng'ambo ya bonde kuna kiwanda cha chai, na nyuma ya kiwanda kuna nyumba za wafanyakazi tunazoziita laini. Katika laini hizo aliishi mzee mmoja kutoka upande wa ziwani, fundi wa boila, pamoja na mkewe ambaye aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, na nyanya langoni. Mtoto wao wa kwanza, mvulana, alisoma chuo kimoja na mjukuu wa kogo. Walikuwa wao wawili tu kutoka upande wetu, na kila muhula walisafiri pamoja.

Saa tisa simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka nambari nisiyoijua: "Ni mimi. Niko hai. Tuko kambi ya jeshi. Mwambie kogo."

Nikamwambia. Nilisema kwa sauti iliyonitoka vibaya, nusu kicheko, kisha nikafungua mdomo nipige vigelegele, na mama yangu nyuma yangu akafungua wake. Kogo akaniziba mdomo kwa kiganja. Kilikuwa kigumu, cheusi kwa utomvu wa chai.

"Nyamaza. Na yule wa ng'ambo?"

Nikaandika kuuliza. Jibu likarudi upesi: "Sijui. Hapa simwoni."

Kogo akawageukia watu wote. Hakuwa mtu wa kuhutubia, lakini siku hiyo alisema na kila mtu akasikia. "Mkifurahi, furahini kimya. Sauti ya hapa inavuka bonde. Yule mama akisikia vigelegele vyetu, atajua wangu amepona, na wake bado."

Watu wakafunga midomo. Nimewahi kuona watu wakinyamazishwa kwa amri ya chifu na kwa ukali wa mwalimu mkuu. Sijawahi kuona watu zaidi ya ishirini wakimeza furaha yao kwa sababu mwanamke mmoja amewaomba. Baba mmoja alijifunika uso kwa kofia, mabega yakawa yanacheza. Mama yangu aliuma kona ya leso.

Miaka kadhaa baadaye nilimuuliza kogo kama hakufurahi hata kidogo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Nilifurahi. Niliingia kwa ng'ombe nikashika shingo yake, nikafurahi huko mpaka akachoka na mimi."

Siku ile, alipotoka huko zizini alikuwa ameosha miguu na kuvaa sweta ya kanisani. Akabeba maziwa kwenye kibuyu, akaniambia nimfuate kwa sababu Kiswahili chake ni kidogo. Tulishuka bondeni, tukavuka daraja la mbao, tukapanda hadi laini. Njiani niliogopa. Nikamuuliza tutasema nini tukiulizwa.

"Tutasema kweli. Kwani tumeenda kudanganya?"

Nyumba ilikuwa imejaa wanawake wa kanisa lao wakiimba polepole. Mama muuza omena alikuwa ameketi kwenye benchi, simu mbili mapajani. Mume wake alikuwa ameshaondoka kwenda Nairobi kwa basi la mchana, maana ilisemekana habari zote zingefikia huko. Kogo akavua viatu vyake vya gambuti mlangoni. Uimbaji ukafifia. Mama yule akainua macho.

"Kogo. Na yako?"

Nilishika fremu ya mlango. Kogo akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Yangu ametuma ujumbe. Ako hai." Akavuta pumzi. "Nimekuja tungoje yako."

Sijui nilitarajia nini. Pengine mayowe, pengine tufukuzwe. Mama yule akasogea kwenye benchi, akapiga mahali palipobaki wazi kwa mkono. "Kaa hapa," akasema. Kogo akakaa.

Alikaa hapo siku tatu. Ibada ya Ijumaa Kuu ilimkosa, naye hakuwahi kuikosa tangu nimfahamu. Alilala kwenye godoro sakafuni, asubuhi aliwasha jiko kabla wenyeji hawajaamka, akakoroga uji na kumsimamia mama yule mpaka kikombe kikaisha. Hawakuongea mengi, lugha haikuwaruhusu. Waliokota mawe kwenye maharagwe. Kogo alimsuka nywele. Mgeni mmoja alikuja akaanza kusema Mungu huwachukua walio wema, na kogo akamkatiza, akaniambia nimtafsirie neno kwa neno: "Hapa hakuna aliyetuambia mtoto amekufa. Kunywa chai yako." Mgeni akanywa chai yake.

Mimi nilikuwa nikienda na kurudi. Jumamosi asubuhi nilikumbuka kwamba chai ya kogo ya upande wa mtoni, ambayo hatukuigusa Alhamisi, ilikuwa imefika zamu ya kuchumwa na kwamba ikipitiliza itakomaa na kiwanda hakitaipokea. Nikachukua kikapu nikaenda peke yangu. Nilipofika nikakuta mistari imejaa watu. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa hajamsemesha kogo miaka minne kwa ajili ya ugomvi wa mpaka, naye alikuwa mbele ya wote, amefunga aproni, jasho linamtiririka. Sikuambiwa nani aliyewaita. Nilipouliza, yule mwanamke akasema tu, "Chuma, mwalimu, lori halingoji mtu."

Alasiri hiyo nilikuwa laini fundi wa boila alipopiga simu kutoka Nairobi. Mama yule aliitazama simu, jina la mumewe likiwaka, akashindwa kuigusa. Akanisukumia.

"Mwalimu," baba wa kijana akasema aliposikia sauti yangu, "mama ako karibu?"

"Ako hapa."

"Nimempata." Kwa nusu pumzi nilidhani ni habari njema. Kisha akaongeza, pole pole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali, "Nimemjua kwa miguu. Mwambie mama yake ni yeye."

Sikulazimika kumwambia. Nilipogeuka, kogo alikuwa tayari amemkumbatia, amemfunga kwa mikono yote miwili, na kilio cha kwanza kilichotoka ndani ya nyumba ile kilikuwa cha kogo. Alilia kama aliyefiwa yeye. Nafikiri alikuwa anamlilia kijana, na pia alikuwa anajua jinsi alivyokaribia kumlilia wake mwenyewe, na hakujaribu kutenganisha vilio hivyo viwili.

Msichana wetu aliwasili Jumatatu. Tulimpokea stendi ya Kapkatet. Alikuwa amevaa nguo za kuazimwa, viatu vikubwa kuliko miguu yake. Kogo alimshika uso, akamgusa masikio, mabega, vidole kimoja kimoja. Kisha akasema, "Tunaanzia ng'ambo."

Msichana akarudi nyuma. "Kogo, siwezi. Akiniangalia atamwona yeye."

"Akuangalie, basi. Anahitaji kukuangalia."

Nilihisi huo ni ukatili, na nilitaka kusema. Leo najua kogo alikuwa anawahofia wote wawili: kama wangeachwa waogopane wiki moja, wangeogopana maisha yote.

Mama yule alikuwa nje, anaanua nguo kwenye kamba. Alimwona msichana akija, akasimama na shati mkononi. Msichana alipofika karibu, mama akamtazama viatu vyake kwanza.

"Umekula?"

"Hapana, mama."

Akamwingiza ndani, akampikia ugali, akakaanga omena na nyanya, akakaa akimtazama anavyomeza. Sahani ilipobaki tupu ndipo akauliza.

"Ulimwona asubuhi hiyo?"

Nilijua msichana angeweza kusema lolote. Angeweza kutunga maneno ya mwisho, sala, salamu za nyumbani. Sote chumbani tungemshukuru.

"Sikumwona, mama," akasema. "Nilimwona jana yake jioni. Alikuwa anafua nguo. Alinitania nimenenepa, eti chakula cha chuo kimenikubali."

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini kilikuwa kicheko. "Huyo ni yeye," akasema. "Huyo ni yeye kabisa." Msichana akaanguka magotini pake akaanza kulia, kilio ambacho hakuwa amekilia tangu kambini, na mama yule ndiye aliyembembeleza.

Tulikwenda kumzika nyumbani kwao, upande wa ziwani. Kiwanda kilitoa basi, na basi lilijaa wachuma chai wa kwetu. Kogo alipoitwa aseme neno, alisema kwa lugha yetu nami nikatafsiri. Alisema kijana huyu, kila muhula, alimbebea mjukuu wake sanduku la bati kutoka stendi hadi mlangoni, mlima wote ule, na kila mara alipopewa maziwa alikataa kukaa, kwa sababu mpira ulikuwa karibu kuanza kiwanjani. "Sijawahi kumshukuru akiwa amesimama mahali pamoja," akasema. "Leo namshukuru." Akarudi akakaa.

Msichana alikataa kusoma kwa mwaka mzima, kisha akapata nafasi katika chuo kingine akamaliza. Sasa anafundisha shule moja karibu na Mulot na huja nyumbani wikendi. Bado hukaa karibu na mlango popote aingiapo. Fundi wa boila alistaafu, wakarudi ziwani na mkewe. Kogo hawezi tena kuchuma, magoti yamekataa, lakini Jumapili baada ya kanisa mama yule humpigia simu. Kogo sasa hasikii vizuri, na mama yule naye huongea kwa pupa, kwa hiyo hupayukiana Kiswahili cha sokoni kwa nguvu kiasi kwamba sisi wa shamba la pili tunafuata mazungumzo yote: mvua, kifua, kuku waliokufa, mtoto wa nani ameolewa. Mjukuu humshikia simu sikioni na kumtafsiria anapokwama. Mara nyingi chaji huisha kabla hawajaagana.